Marufuku ya bunduki za kivita Marekani: nani ameikalia?

Swali: Kaka, habari za kazi. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, sasa naishi Minneapolis, na wanangu wawili wako shule ya msingi. Baada ya watoto kupigwa risasi kanisani Annunciation mwezi Agosti 2025, kila mtu hapa alisema ile marufuku ya bunduki za kivita ya enzi za Clinton irudishwe. Gavana naye akasema ataita kikao maalumu cha Bunge la jimbo. Halafu kimya. Tunaambiwa wananchi wengi wanaitaka marufuku hiyo. Sasa kinachozuia ni nini hasa? Itarudi siku moja, au tusijidanganye?

Jibu: Dada, pole sana kwa hofu hiyo. Sitakuzungusha. Katika ngazi ya taifa marufuku ile hairudi na Bunge hili, wala sioni hesabu ya kuirudisha katika Bunge lijalo. Katika ngazi ya majimbo inaenea, taratibu, na huko ndiko ninakokushauri uelekeze macho. Ila hata huko wapo majaji tisa wa Mahakama ya Juu mjini Washington wanaoweza kuzifuta sheria zote hizo kwa hukumu moja, na dalili zao si za kufurahisha. Nitakueleza kwa nini, maana wengi hukilaumu chama kimoja, au chama cha wenye bunduki cha NRA, wakaishia hapo.

Sheria unayoitaja ilisainiwa na Bill Clinton tarehe 13 Septemba 1994, ikiwa kipande cha sheria kubwa ya kupambana na uhalifu. Joe Biden, wakati huo mwenyekiti wa Kamati ya Sheria ya Seneti, ndiye aliyeubeba mswada mzima. Kipande cha bunduki kilipiganiwa na Seneta Dianne Feinstein wa California. Feinstein hakuhitaji kusimuliwa risasi hufanya nini. Mwaka 1978 alikuwa ndani ya ukumbi wa jiji la San Francisco siku meya George Moscone na diwani Harvey Milk walipouawa, na yeye ndiye aliyeikuta maiti ya Milk.

Sheria ilikataza kutengeneza na kuwauzia raia bunduki za aina 19 zilizotajwa kwa majina, pamoja na bunduki nyingine yoyote nusu otomatiki (ile inayojipakia yenyewe lakini inatoa risasi moja kila ukivuta triga) yenye magazini ya kuchomeka na alama mbili au zaidi kati ya hizi: kitako cha kukunja, mshiko kama wa bastola, mahali pa kufungia singe, mtutu wenye hesi za kufungia kizuia mwali, na nyingine za namna hiyo. Ilikataza pia magazini zinazobeba zaidi ya risasi 10. Ila aliyekuwa nazo kabla ya siku hiyo aliachwa nazo, na aliruhusiwa hata kuziuza.

Kwa hiyo viwanda havikufunga milango. Viliondoa singe, vikaondoa hesi za mtutu, vikaendelea kuuza bunduki ileile. Kampuni iliyotengeneza bastola ya TEC-9 ilitoa toleo jipya likaitwa AB-10, na kila mtu sokoni alijua herufi hizo zinamaanisha “baada ya marufuku”. Bunduki ya Bushmaster iliyotumiwa na wale wadunguaji waliotikisa Washington na vitongoji vyake mwaka 2002 ilikuwa imetengenezwa kufuata sheria hiyo. Shambulio la shule ya Columbine la Aprili 1999 lilitokea marufuku ikiwa hai. Mambo haya nayataja sasa kwa sababu wapinzani huyataja kila mjadala ukianza, na hayana jibu jepesi.

Tuje kwenye siasa, ambako ndiko swali lako liliko. Tarehe 5 Mei 1994 Baraza la Wawakilishi liliipitisha marufuku kwa kura 216 dhidi ya 214. Kura moja tu ingehama, ingekuwa sare, na sare kule ni kushindwa. Kati ya waliosema ndiyo walikuwemo Warepublican 38, mmoja wao Henry Hyde wa Illinois, mhafidhina aliyekuwa mpinzani wa sheria za namna hiyo. Marais wastaafu watatu, Gerald Ford, Jimmy Carter na Ronald Reagan, waliandika barua ya pamoja kuwaomba wajumbe waikubali. Reagan, dada! Leo mwanasiasa wa Republican akiandika barua ya namna ile, uchaguzi wa mchujo ndani ya chama chake unammaliza kabla wino haujakauka.

Ili kuwapata waliokuwa wakisita, sheria iliwekewa ukomo wa miaka 10. Ikitimia, inakufa yenyewe bila mtu yeyote kupiga kura ya kuifuta. Bila kifungu hicho huenda isingezaliwa. Kwa kifungu hicho ikafa. Ungekuwa mpinzani wa sheria ya kawaida, ungelazimika kukusanya kura kwenye mabaraza mawili na saini ya rais ili kuiondoa. Na walijaribu: Machi 1996 Baraza la Wawakilishi, likiwa mikononi mwa Republican, lilipiga kura 239 kwa 173 kuifuta, na Seneti haikuigusa. Sheria ikasalimika kwa sababu kufuta ni kazi ngumu. Ukomo ukaugeuza mzigo. Ilipofika 2004 wapinzani hawakuwa na haja ya kushinda kura yoyote, walihitaji kukaa tu. Waliokuwa na kazi ya kushinda upya ni Feinstein na wenzake, na mazingira yalikuwa yameshaharibika.

Yaliharibikaje? Novemba 1994, miezi miwili baada ya saini ya Clinton, Democratic walipoteza viti 54 vya Baraza la Wawakilishi na udhibiti waliokuwa nao kwa miaka 40. Spika mwenyewe, Tom Foley, alianguka katika jimbo lake la Washington. Jack Brooks wa Texas, mkongwe aliyekuwa mwenyekiti wa Kamati ya Sheria, akaanguka pia. Clinton aliamini, na amesema mara kadhaa, kwamba NRA ndiyo iliyowaangusha wengi wao. Mimi naona alizidisha. Mwaka ule kulikuwa na hasira za kodi, kulikuwa na mpango wa afya uliokufa, na majimbo ya Kusini yalikuwa tayari yanahama kutoka Democratic kwa sababu za muda mrefu. Lakini Wademokrat waliosalia waliamini walichokiamini, na wakatembea na hofu hiyo kwa takriban miaka 20. Al Gore aliposhindwa mwaka 2000, akikosa hata jimbo lake la Tennessee, wakaona ushahidi umeongezeka.

Basi ikafika 2004. George W. Bush alikuwa ameahidi kwamba mswada wa kuendeleza marufuku ukimfikia mezani, atausaini. Ahadi tamu, na ya bei nafuu, kwa sababu kiongozi wa Republican katika Baraza la Wawakilishi, Tom DeLay, alihakikisha haufiki. Bush hakunyanyua simu kumshurutisha. Kilichotokea Seneti tarehe 2 Machi mwaka ule ndicho ninachowasimulia wanafunzi wangu kila mara. Palikuwa na mswada mwingine, ambao NRA iliutaka kwa hamu kubwa, wa kuzikinga kampuni za bunduki zisishtakiwe na waathirika wa uhalifu. Feinstein akaupachika marekebisho ya kuiongezea marufuku miaka 10 mingine. John Kerry, aliyekuwa katikati ya kampeni za urais, alirudi Washington kupiga kura. Marekebisho yakapita, 52 kwa 47.

Umeona? Seneti ya Marekani iliikubali marufuku mwaka 2004. Saa hiyohiyo NRA ikawatumia maseneta ujumbe: uangusheni mswada mzima. Larry Craig wa Idaho, aliyeuleta mswada wa kuzikinga kampuni, akasimama na kuwasihi wenzake waukatae mswada wake mwenyewe. Ukaangushwa kwa kura 90 dhidi ya 8. NRA ilikubali kukosa ilichokitaka mwaka mzima ili tu marufuku isipate gari la kupanda. Tarehe 13 Septemba 2004 marufuku ikaisha. Mwaka uliofuata kinga ya kampuni ilirudi peke yake, safi, ikapita na Bush akaisaini.

Tangu hapo majaribio makubwa yamekuwa mawili. Baada ya watoto 20 na watu wazima 6 kuuawa shuleni Sandy Hook, Connecticut, mwezi Desemba 2012, Feinstein aliirudisha hoja. Tarehe 17 Aprili 2013 alipata kura 40, akapingwa na 60. Wademokrat 15 walimkatalia. Mrepublican mmoja tu, Mark Kirk wa Illinois, alimwunga mkono. Yaani alipungukiwa kura 12 kutoka zile za 2004, na hii ni baada ya mauaji yaliyomliza rais mbele ya kamera. Jaribio la pili ni la 2022, mwaka wa mauaji ya dukani Buffalo na ya shuleni Uvalde. Tarehe 29 Julai Baraza la Wawakilishi lilipitisha mswada wa marufuku kwa 217 dhidi ya 213. Warepublican wawili walisema ndiyo, Wademokrat watano walisema hapana. Seneti haikuupigia kura kabisa. Desemba 2023 Chuck Schumer, kiongozi wa Wademokrat katika Seneti, aliomba upitishwe bila kupingwa, seneta mmoja, John Barrasso wa Wyoming, akasema anapinga, na mjadala ukaishia hapohapo. Feinstein alikuwa ameshafariki, mwezi Septemba mwaka huohuo.

Sasa hesabu. Kuufunga mjadala Seneti kunahitaji kura 60 kati ya 100, na bila kuufunga mjadala huwezi kuupigia mswada kura ya mwisho. Baada ya uchaguzi wa 2024 Republican wana 53, Democratic na washirika wao 47. Hata Wademokrat wakishinda kila kiti wanachoweza kukipata Novemba 2026, hawaukaribii 60. Kumbuka pia kila jimbo lina maseneta wawili, Wyoming yenye watu wasiofika 600,000 sawasawa na California yenye karibu milioni 39. Majimbo yenye wawindaji wengi, mashamba makubwa na polisi wa mbali yana sauti kubwa Seneti kuliko idadi ya watu wake. Kura za maoni unazozisikia zinahesabu vichwa, Seneti inahesabu majimbo.

Na hizo kura za maoni zenyewe zisome kwa uangalifu. Utafiti wa Pew wa 2023 ulikuta asilimia 64 ya watu wazima wanaunga mkono kupiga marufuku bunduki za mtindo wa kivita. Gallup, inayouliza kwa maneno mengine, ilipata asilimia 36 tu mwaka 2016, ikapata zaidi ya nusu mwaka 2022. Maoni hupanda baada ya msiba na kushuka polepole ukisahaulika. Halafu kuna tofauti ya uzito. Anayependa bunduki yake anaweza kumnyima mgombea kura kwa jambo hilo moja, na hasahau. Anayetaka marufuku anaingia kituoni akifikiria pia bei ya mayai, bima ya afya na kodi ya nyumba. Mwanasiasa anajua ni nani kati ya hao wawili wa kumwogopa.

Mfano wa wazi ni Chris Jacobs, mjumbe wa Republican kutoka eneo la Buffalo. Baada ya watu 10 kuuawa dukani katika mji wake mwezi Mei 2022, alitangaza kwamba ataiunga mkono marufuku. Ilichukua wiki moja. Chama kikamgeuka, waliokuwa wamemuunga mkono wakaondoka, naye akajitoa kwenye kinyang'anyiro cha kutetea kiti chake. Ni mmoja wa wale wawili waliosema ndiyo mwezi Julai. Hakuwa na cha kupoteza tena. Kila Mrepublican bungeni anakijua kisa hicho.

Watu huniuliza, mbona NRA imedhoofika? Kweli imedhoofika. Wayne LaPierre, aliyeiongoza kwa miongo mitatu, aliondoka Januari 2024, na mwezi uliofuata jopo la mahakama New York, katika kesi ya madai, likaamua kwamba alizitumia vibaya fedha za chama. Makundi yanayodai udhibiti, kama Everytown ya Michael Bloomberg na lile la Gabrielle Giffords, mjumbe wa zamani aliyepigwa risasi kichwani mwaka 2011 na akaishi, yana fedha za kutosha siku hizi. Lakini nguvu ya NRA haikuwa hela peke yake. Bunduki imekuwa kitambulisho cha chama. Julai 2024 Donald Trump mwenyewe alipigwa risasi ya sikio huko Butler, Pennsylvania, kwa bunduki ya mtindo wa AR-15, moja ya hizihizi tunazozizungumzia, na siku chache baadaye mkutano mkuu wa chama chake ulifanyika bila hoja yoyote ya kuidhibiti. Kama hilo halikuwatikisa, sijui msiba gani utawatikisa.

Kinachowezekana chini ya utaratibu huo wa kura 60 tulikiona Juni 2022. Seneta Chris Murphy, Mdemokrat wa Connecticut, na mwenzake John Cornyn, Mrepublican wa Texas, walikaa wakapatana, na sheria ikapita Seneti 65 kwa 33: ukaguzi wa kina zaidi kwa wanunuzi wa chini ya miaka 21, fedha za huduma za afya ya akili, fedha za kuyasaidia majimbo yanayonyang'anya bunduki kwa amri ya mahakama. Ilikuwa sheria kubwa ya kwanza ya bunduki ya taifa kwa karibu miaka 30. Marufuku haikuingizwa hata kwenye mazungumzo, kwa sababu Murphy alijua ikiingia, wengine wanatoka. Hata kupandisha umri wa kununua bunduki hizo kufika miaka 21 kulishindikana.

Je, ule utaratibu wa kura 60 ukifutwa? Unaweza kufutwa kwa wingi wa kawaida, hauko kwenye Katiba. Januari 2022 Wademokrat walijaribu kuulegeza kwa ajili ya sheria ya haki ya kupiga kura, wakaangushwa na wawili wa upande wao, Joe Manchin na Kyrsten Sinema, ambao sasa hawamo. Mwishoni mwa 2025 Trump naye aliwasukuma Warepublican waufute, wakakataa. Kwa hiyo siku itakayowapa Wademokrat mabaraza mawili, urais, na ujasiri wa kuufuta, mlango wa marufuku utafunguka. Lakini mlango huohuo ukifunguliwa na Republican unapitisha mambo yao, ikiwemo sheria wanayoitamani ya kulilazimisha kila jimbo kukitambua kibali cha kubeba bastola cha jimbo lingine. Wapenda udhibiti wanaoshangilia kufutwa kwa utaratibu huo wafikirie hilo kwanza.

Tuseme siku hiyo imefika na sheria imesainiwa. Inakwenda mahakamani asubuhi yake. Mwaka 2008, katika kesi ya Heller, Mahakama ya Juu iliamua kwamba Marekebisho ya Pili ya Katiba yanamlinda mtu binafsi kumiliki silaha. Juni 2022, katika kesi ya Bruen, ikaongeza kwamba sheria ya bunduki lazima ioanishwe na mapokeo ya kihistoria ya nchi. Swali likawa: je, AR-15 ni silaha “inayotumiwa na wengi” kihalali, au ni silaha ya vita kama M-16, ambayo hata Heller iligusia kwamba inaweza kukatazwa? Mahakama za rufaa hadi sasa zimezitetea sheria za majimbo. Ile ya Mzunguko wa Nne, yaani eneo la rufaa lenye Maryland ndani yake, kwa majaji 10 dhidi ya 5, iliitetea sheria ya Maryland mwezi Agosti 2024.

Lakini tarehe 2 Juni 2025 Mahakama ya Juu ilipokataa kuisikiliza rufaa ya kesi hiyo, majaji Thomas, Alito na Gorsuch walisema wangeisikiliza. Brett Kavanaugh hakujiunga nao siku ile, ila aliandika kwamba Wamarekani wanakadiriwa kumiliki kati ya AR-15 milioni 20 na 30, kwamba uamuzi wa mahakama ya chini una mashaka, na kwamba Mahakama inapaswa kulishughulikia suala hili katika muhula mmoja au miwili ijayo. Kusikiliza kesi kunahitaji majaji wanne, na hapo nimekuhesabia wanne. Kavanaugh msimamo wake unajulikana tangu 2011, alipokuwa jaji wa rufaa na kuandika kwamba marufuku ya jiji la Washington inavunja Katiba. Ushindi unahitaji watano, kwa hiyo yote yako kwa majaji John Roberts na Amy Coney Barrett. Siku tatu baadaye, katika kesi ya Mexico dhidi ya Smith & Wesson, Elena Kagan, jaji wa mrengo wa kushoto, aliandika akipita kwamba AR-15 ni halali sehemu nyingi na hununuliwa na watu wengi wa kawaida. Mawakili wa upande wa bunduki wameuchukua mstari huo kama zawadi.

Ndiyo maana nasema usikodolee macho Bunge, kodolea Mahakama. Ikiamua kwamba AR-15 inalindwa na Katiba, hoja ya kuirudisha sheria ya 1994 imekwisha kwa kizazi kizima, na sheria za California, New York, Illinois, New Jersey, Connecticut, Massachusetts, Maryland, Delaware na Washington zinaporomoka pamoja. Mwaka 2025 Wizara ya Sheria ya Trump iliingia kesini dhidi ya sheria ya Illinois, jambo ambalo serikali ya taifa hailifanyi kila siku.

Mpaka itakapoamua, majimbo yanaendelea. Massachusetts iliifanya marufuku yake ya kudumu mwaka 2004, miezi miwili kabla ile ya taifa haijafa, na aliyeisaini alikuwa gavana wa Republican, Mitt Romney. Illinois ilipitisha ya kwake Januari 2023, nusu mwaka baada ya watu 7 kuuawa kwenye gwaride la sikukuu ya Julai 4 huko Highland Park. Rhode Island ilifuata Juni 2025, ila imekataza kuuza na kutengeneza tu. Aliye nayo nyumbani anabaki nayo.

Hapo Minnesota ulipo, ulichokiona ni hesabu ileile kwa udogo wake. Baraza la chini lilikuwa sare, 67 kwa 67, na katika Seneti ya jimbo chama cha Gavana Walz kilikuwa na ziada ya kiti kimoja. Kwa ziada hiyo, seneta mmoja wa vijijini mwenye wapiga kura wawindaji anatosha kukwamisha kila kitu. Gavana anaweza kuita kikao, lakini akishakiita hawezi kukipangia ajenda wala kukifunga, kwa hiyo bila mapatano ya viongozi wa vyama angekuwa amewaita watu kuja kuitazama hoja yake ikizikwa.

Nikupe na maoni yangu kuhusu sheria yenyewe, maana nitakuwa nimekuficha nisipoyasema. Christopher Koper, mtafiti aliyeitathmini marufuku kwa ajili ya serikali, alikuta kwamba kabla ya 1994 bunduki hizo zilitumika katika sehemu ndogo tu ya uhalifu wa bunduki, asilimia 2 hadi 8 hivi, na kwamba athari ya marufuku kwa uhalifu wa jumla ilikuwa ndogo mno hata kupimika kwa uhakika. Mauaji mengi ya Marekani ni ya bastola. Lakini Koper huyohuyo alionyesha kwamba lenye uzito zaidi ni magazini kubwa, kwa sababu humruhusu mshambuliaji kufyatua bila kusimama kuchomeka nyingine. Ningekuwa mshauri wa mbunge, ningemwambia aachane na orodha za singe na vitako, ambazo kiwanda kitazikwepa kwa wiki moja, ashikilie magazini. Wapiga kura wa Oregon walifanya hivyo wenyewe mwaka 2022 kwa kura ya moja kwa moja, ingawa ilipita chupuchupu na ikaburutwa mahakamani miaka.

Na hata magazini zikikatazwa kesho, zilizoko mikononi mwa watu ziko palepale. Australia mwaka 1996, baada ya watu 35 kuuawa Port Arthur, ilizinunua na kuziharibu bunduki zipatazo 650,000. New Zealand mwaka 2019, baada ya waumini 51 kuuawa misikitini Christchurch, bunge lake lilipitisha marufuku kwa kura 119 dhidi ya 1, chini ya mwezi mmoja. Nchi hizo hazina kifungu cha katiba kinachomlinda mwenye bunduki, na serikali yenye wingi bungeni inapitisha inachotaka. Kwetu pia, Kenya na Tanzania, leseni ya silaha ni ruhusa ya serikali, si haki ya kuzaliwa nayo, ndiyo maana mjadala wa Marekani unatushangaza. Beto O'Rourke, mwanasiasa wa Democratic kutoka Texas, alipojaribu kuuchukua mfano wa Australia, akatangaza kwenye mdahalo wa wagombea urais wa chama chake wa Septemba 2019 kwamba AR-15 zitachukuliwa kwa wenyewe, alishangiliwa ukumbini. Aliposhindwa ugavana wa Texas mwaka 2022, wapinzani wake walikuwa wameicheza kauli hiyo kwenye matangazo mpaka ikachakaa.

Kwa hiyo ukiniuliza cha kufanya ukiwa Minneapolis, Novemba 2026 viti vyote vya Bunge la Minnesota vinapigiwa kura, 134 vya wawakilishi na 67 vya maseneta. Mgombea wa eneo lako muulize waziwazi kuhusu magazini, si kuhusu “usalama wa bunduki” kwa jumla, maana hilo la jumla kila mtu atakujibu ndiyo. Kama umeshaapa uraia, kapige kura. Kama bado una kadi ya kijani, usiguse karatasi ya kura hata ukishawishiwa na nani, inaweza kukufukuzisha nchini. Ila kumpigia mjumbe simu, kumwandikia na kwenda kwenye mikutano yake hakuna anayeweza kukuzuia.

Na fahamu kwamba tangu Januari 2024 jimbo lako lina sheria inayoiruhusu familia au polisi kuiomba mahakama imwondolee silaha mtu anayeonyesha dalili za kujidhuru au kudhuru wengine. Hiyo haingoji Seneti. Ukiwa na jirani, ndugu au mzazi wa rafiki ya mwanao anayekutia wasiwasi, piga simu polisi au mwanasheria wa kaunti ukaulize ombi hilo linaandikwaje.